Muulize Fundi: Kabla hujalipia aktivesheni, iulize laptopu yenyewe

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Mwezi wa kwanza nilinunua laptopu iliyotumika Kariakoo, HP EliteBook 840 G5, Core i5, ramu GB 8, kwa shilingi 550,000. Muuzaji aliniambia Windows yake ni orijino na imeamilishwa maisha. Sasa kona ya chini kulia kumetokea maandishi yananidai niamilishe Windows, na picha ya wanangu niliyoiweka kwenye skrini siwezi kuibadilisha tena. Nikifungua ukurasa wa Activation naona namba 0xC004F074. Fundi wa hapa mjini anataka 40,000 apige Windows upya na kuiamilisha. Je, niliuziwa kanyaboya? Na nikitaka kuipiga mwenyewe, ni lazima ninunue leseni? Humo ndani mna alama za wanafunzi na mitihani ya kidato cha nne. *Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Salama mwalimu, pole na masahihisho. Laptopu si kanyaboya. 840 G5 ni mashine ya ofisi ya mwaka 2018, na mtu akinijia na bajeti kama yako huwa namwelekeza huko huko. Kanyaboya ni Windows aliyokuwekea muuzaji, na hiyo namba uliyoniandikia inamchongea.

0xC004F074 maana yake kompyuta inatafuta seva (kompyuta kuu) ya aktivesheni ya ofisi fulani na haioni. Makampuni makubwa na vyuo haviamilishi kompyuta moja moja. Vinaweka seva yao ndani ya mtandao wao, inaitwa KMS, na kila kompyuta ya ofisi inaripoti hapo. Aktivesheni ya namna hiyo ina uhai wa siku 180. Kompyuta hujaribu kuihuisha kila baada ya siku 7, na ikiikosa seva mpaka siku 180 zikaisha, ndipo yanapokuja maandishi ya pembeni na skrini inayogoma kubadilishwa picha. Muuzaji wako hana ofisi wala seva. Inaelekea ameweka kreki, yaani programu ya kuvunja leseni, inayojifanya kuwa seva ya KMS, ikakubaliwa, akakuandikia risiti. Kreki nyingine huacha kiprogramu cha kujihuisha chenyewe kimya kimya. Siku Defender, kinga ya virusi ya Windows, akikikamata na kukifuta, siku 180 zinaanza kuhesabika. Kwa hiyo "maisha" ya muuzaji yalikuwa na tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza.

Usilichukue neno langu tu, iulize mashine. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd (dirisha la kuandikia amri), fungua, kisha andika:

slmgr /dli

Subiri kidogo, kitatokea kijisanduku. Usome mstari wa Description. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu ya mtu binafsi, hiyo ni kreki, au ni mashine iliyotoka ofisini bila kusafishwa. Ukiona OEM_DM, leseni ni ile iliyotoka nayo kiwandani. RETAIL mara nyingi ni leseni iliyonunuliwa kivyake au leseni ya kidijitali. Kisha andika slmgr /xpr. Mashine iliyo salama hujibu kwamba imeamilishwa moja kwa moja, haina tarehe. Yenye KMS hai hukutajia siku itakayokufa. Yako nadhani itasema iko kwenye Notification.

Sasa sehemu ambayo muuzaji hakukwambia, pengine kwa sababu naye haijui. Tangu ilipotoka Windows 8 mwaka 2012, viwanda kama HP, Dell na Lenovo vimeacha kubandika ile stika ya ufunguo wa leseni (herufi na namba 25) chini ya laptopu. Ufunguo unachomwa ndani ya chipu ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Ukifuta diski, haufutiki. Ukibadilisha diski, haubadiliki. Mtu anaweza kupiga kreki juu yake miaka mitano na ufunguo wa kiwandani ukawa umelala pale pale ukisubiri kuitwa.

Na mashine za ofisi kama yako zina nafasi kubwa zaidi ya kuwa nao. Leseni ya Windows ya jumla wanayonunua makampuni ni leseni ya kupandishia tu; haiuzwi kwa kompyuta isiyo na leseni yake ya msingi. Ndiyo maana kampuni ya Ulaya inayonunua EliteBook nyingi kwa mpigo, kwa kawaida huzinunua zikiwa na Windows Pro (toleo la kazini; la nyumbani huitwa Home) ya kiwandani, halafu ndipo inapiga mfumo wake juu. Laptopu inastaafishwa, inauzwa kwa mnada, inapita Dubai, inafika Kariakoo, na Pro yake imo.

Kuuona ufunguo, fungua PowerShell, dirisha jingine la amri, na uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na namba 25 zilizogawanywa kwa vistari, mwalimu, leseni unayo na hununui kitu. Ziandike kwenye daftari. Usizipige picha ukazituma kwenye grupu la WhatsApp kuomba ushauri. Watu wanapenda vya bure.

Ikirudi tupu, usikate tamaa bado. Inawezekana mashine haikuuzwa na Windows tangu kiwandani, au mazabodi imebadilishwa. Lakini pia inawezekana mwenye laptopu wa kwanza aliinunulia leseni kivyake, au kama ni mashine ya zamani kuliko yako, aliipandisha kutoka Windows 7 kwenda 10 enzi za ofa ya bure, na hapo leseni huwa haiko kwenye chipu. Imeandikwa kwenye seva za Microsoft kwa jina la mazabodi hiyo. Namna ya kujua ni moja: piga Windows safi ya toleo lile lile, unganisha intaneti, uone.

Hapo kwenye "toleo lile lile" ndipo wengi wanapokwama. Leseni ya Home haifungui Pro, na ya Pro haifungui Enterprise. Nimeletewa laptopu nyingi mezani kwangu Temeke ambazo zina Home halali kabisa tumboni, lakini muuzaji kalazimisha Pro ya kreki kwa sababu Pro inapendeza kwenye tangazo. Mteja anadaiwa hela ya aktivesheni kila baada ya miezi, na huku ana leseni yake.

Je, unaweza kuingiza ufunguo wako bila kufuta chochote? Kama iliyomo ni Pro na ufunguo ni wa Pro, unaweza: Settings, System, Activation, Change product key. Lakini kwako sishauri tuishie hapo. Fungua kwanza Windows Security, uingie kwenye sehemu ya virusi, ushuke mpaka Exclusions. Hiyo ni orodha ya mafolda ambayo Defender ameamriwa asiyaguse. Kreki nyingi haziingii mpaka Defender azimwe au folda lake liwekwe kwenye orodha hiyo. Ukikuta humo folda ambalo hukuliweka wewe, basi kuna mlango ulioachwa wazi kwenye kompyuta yenye alama za kidato cha nne. Mimi ningefuta kila kitu na kuanza upya.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwanza mafaili. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje au flashi nyingine, kisha uichomoe na kuiweka kabatini kabla hujaendelea. Usiiache imechomekwa, nitakwambia sababu. Kumbuka pia paswedi zilizohifadhiwa kwenye Chrome na faili zilizo kwenye Downloads, watu huzisahau.

Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi ambayo huna haja na vilivyomo, maana itafutwa. Ingia tovuti ya Microsoft, ukurasa wa kupakua Windows 11, uchukue Media Creation Tool, programu ya kutengenezea flashi ya Windows. Ni bure, na haikuulizi leseni. Itavuta zaidi ya GB 5, kwa hiyo tumia Wi-Fi ya shule kwa ruhusa ya mkuu, au nunua bando la usiku. Usiazime flashi ya Windows ya fundi yeyote, hata yangu. Hujui kimepikwa nini humo. G5 nyingi zina prosesa ya kizazi cha nane, na hicho ndicho kizazi cha chini cha Intel ambacho Windows 11 kwa kawaida inakipokea rasmi, basi kama yako ni hiyo huna kikwazo.

Chomeka flashi, zima kabisa, washa huku ukigonga Esc, halafu F9, uchague flashi. Kwenye Dell na ThinkPad ni F12. Installer ikilalamika kwamba kompyuta haina sifa, usiende kununua mashine nyingine. Ingia BIOS, kwa HP ni F10, uangalie kama imewekwa Legacy, yaani mfumo wa zamani wa kuwasha mashine. Wauzaji wengine hawapigi Windows mashine moja moja, wanakopi diski moja kwenye mzigo mzima, na Legacy huwarahisishia. Irudishe kwenye UEFI (mfumo mpya), washa Secure Boot, hakikisha TPM (chipu ya usalama) haijazimwa.

Kama ufunguo umo kwenye chipu, installer itausoma kimya kimya, haitakuuliza kitu na itachagua toleo yenyewe. Ikikuuliza, bonyeza "I don't have a product key", kisha uchague Pro. Usiogope maneno hayo, hayakufanyi mwizi. Yanasema tu kwamba ufunguo utashughulikiwa baadaye.

Ukifika kwenye orodha ya diski, hapa sasa tulia. Utaona Disk 0 na vipande vyake vitatu, vinne. Futa kimoja kimoja mpaka ibaki Unallocated Space peke yake, uchague hiyo, uendelee. Kama ungeacha diski ya bakapu imechomekwa, ingekuwa hapo hapo kama Disk 1, ikiwa na vipande vinavyofanana, na kitufe cha kufuta hakina huruma. Laptopu mpya kidogo kuliko yako, za kizazi cha 11 cha Intel na kuendelea, wakati mwingine haziioni diski kabisa. Huko tatizo ni mpangilio uitwao VMD, unazimwa kwenye BIOS au unapewa draiva yake (programu ya kuendeshea kifaa). Yako haina hilo.

Mwishoni itadai intaneti na akaunti ya Microsoft. Ikiwa Wi-Fi haijapata draiva, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushea intaneti kwa USB. Mara nyingi laptopu huipokea kama waya wa mtandao. Barua pepe na paswedi utakayotumia viandike mahali, kwa sababu Windows 11 za sasa zinaifunga diski kwa usimbaji zenyewe ukiingia na akaunti hiyo, na ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa ndani ya akaunti hiyo hiyo. Ukiisahau akaunti, siku mashine ikikudai tarakimu hizo hakuna fundi atakayekusaidia, si wa Morogoro wala wa Temeke.

Ukishaingia, angalia saa. Laptopu za mtumba mara nyingi betri ndogo ya saa imekufa na tarehe inarudi miaka ya nyuma, na tarehe ikiwa mbovu aktivesheni hugoma kwa sababu isiyoeleweka. Weka (UTC+03:00) Nairobi, ndiyo yetu pia. Kisha fungua Activation. Unatakiwa kusoma kwamba Windows imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali. Ukikuta 0x803F7001, mashine haina leseni inayotambulika kwa toleo hilo. Jaribu kwanza kama hukukosea toleo.

Kuhusu zile funguo za shilingi 15,000 zinazouzwa Instagram: nyingi ni za mikataba ya makampuni, zina idadi ya mashine zinazoruhusiwa, na mtu mmoja anazigawa kama pipi. Zinaweza kukubali leo. Siku Microsoft akizifungia, utaona 0xC004C003 na muuzaji atakuwa ameshabadilisha jina la akaunti. Kama kweli mashine haina leseni, afadhali uitumie bila kuamilishwa kuliko kuitia kreki. Maandishi ya kona yatakukera na picha ya wanao hutaibadilisha, lakini Word itafunguka na masasisho ya usalama yataendelea kuja.

Na fundi wa 40,000? Akikupigia Windows safi kutoka kwa Microsoft, akakuwekea draiva na kurudisha mafaili yako, hiyo ni kazi na ilipwe. Mwambie tu mbele yake: "Ukimaliza nitaandika slmgr /dli." Uangalie uso wake.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua Dell Latitude kwa mtu wa mtandaoni, ikaja kwa basi mpaka Mwanza. Ilikuwa inafanya kazi vizuri. Nimepiga Windows 11 upya, nikaunganisha Wi-Fi, ikatokea skrini yenye nembo ya kampuni ya Uingereza inanikaribisha kazini na kunidai barua pepe ya kampuni. Rafiki yangu anasema nipige tena bila intaneti itapita. *Kijana wa Nyamagana*

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Rafiki yako amesema kweli kwamba inaweza kupita, lakini hajakwambia kwamba inarudi. Hiyo inaitwa Autopilot. Kampuni ilisajili alama za kipekee za mashine hiyo kwenye akaunti yake huko Microsoft, na kila Windows mpya ikigusa intaneti wakati wa kuanza, inauliza kule: huyu ni wa nani? Haiko kwenye diski, kwa hiyo hata ukifomati mara ngapi hutaiondoa. Ya kuiondoa ni kampuni yenyewe peke yake.

Sisemi imeibwa. Kampuni nyingi huuza mashine zao za zamani kwa wanunuzi wa jumla na mtu wa IT akasahau kuzifuta kwenye orodha. Lakini kwa kuitazama tu huwezi kuitofautisha na iliyoibwa. Piga picha skrini hiyo na ile namba ya huduma (Service Tag) chini ya mashine, mtumie muuzaji, umwambie akuletee nyingine au hela. Akianza maneno mengi, andikia kitengo cha IT cha kampuni hiyo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, uwatajie namba ya huduma na jinsi ulivyoipata. Kama waliiuza kihalali, kuifuta kwenye orodha ni kazi ndogo kwao. Kama hawakuiuza, ni bora ujue sasa kabla hujaitia kazi zako.

Safari nyingine, kabla hela haijatoka mfukoni, mwambie muuzaji airudishe mashine kwenye hali ya kiwandani mbele yako na uiunganishe na intaneti ya simu yako. Halafu ingia BIOS. Ikidai paswedi ambayo muuzaji hana, muachie.

SWALI: Fundi, nina stationery ndogo Tanga. Laptopu yangu ni ya zamani, i5 kizazi cha nne, ramu GB 4, inatumia Windows 10. Wananiambia Windows 10 imekufa, nilipie waniwekee 11 kwa nguvu. *Mama Stationery*

JIBU: Haijafa mama, ila muda wa matunzo ya kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama mpaka 13 Oktoba 2026, na njia mojawapo ya kuipata ni kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe huko. Kuilazimisha 11 kwenye kizazi cha nne kunawezekana, mafundi wanafanya, lakini Microsoft haiahidi kuiletea masasisho mashine ya namna hiyo, na kwa GB 4 utakuwa unachapa huku ukisubiri herufi zitokee. Mimi sikuwekei.

Ningekuwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Haina leseni ya kununua wala aktivesheni. Uzuri wake unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows iliyopo. Fanya hivyo siku ya Jumapili duka likiwa limefungwa: chomeka printa yako, utoe kopi, uskani kitambulisho, ufungue barua za wateja. LibreOffice, programu yake ya kuandikia, inafungua mafaili ya Word, lakini CV zenye majedwali na mapambo zinaweza kuhama mistari, kwa hiyo waombe wateja walete PDF. Printa ikikataa hapo, umejua kabla hujafuta chochote, baki na Windows 10 na hiyo nyongeza huku ukitafuta mashine ya kizazi cha nane.

SWALI: Nataka kutoa hard disk niweke SSD (diski ya kisasa yenye kasi). Leseni ya Windows si itaondoka nayo? *Msomaji, Kigoma*

JIBU: Haiondoki. Iko kwenye mazabodi au imefungwa kwa jina la mazabodi. Badilisha diski na ramu utakavyo. Ukija kubadilisha mazabodi ndipo itasumbua. Leseni ya kiwandani hufa na bodi yake. Kama ni ile iliyonunuliwa kivyake, iunganishe na akaunti yako ya Microsoft mapema, halafu baada ya matengenezo fungua Troubleshoot kwenye ukurasa wa Activation na useme umebadilisha kifaa. Hard disk ya zamani itie kwenye kasha la USB la bei ndogo, uitumie kwa bakapu.